Shaka na Mahali Pake

Mugutha, Ruiru
Mwezi wa Septemba

Kwa mpwa wangu mpenzi,

Mamako alifika hapa Mugutha Jumapili alipotoka kanisani, na ingawa alikuja kwa habari nyingine za jamaa, hakukaa sana kabla ya kulitoa lile lililomlemea moyoni: kwamba sura ya pili ya tasnifu yako juu ya masimulizi ya wachumaji wa kahawa haijaongezwa mstari tangu mvua za masika, kwamba umeanza kunena habari ya kuahirisha masomo kwa mwaka mzima, na kwamba ukiulizwa sababu unajibu kuwa wenzako ni wasomi wa kweli, ilhali wewe uliingia chuoni kwa bahati tu, na siku moja atatokea mtu mwenye mamlaka akuulize ni nani aliyekupa ruhusa ya kuketi pale. Aliniachia kurasa ulizompa akuhifadhie. Nimezisoma kwa makini, nikazirudia, na haya ninayokuandikia yametoka katika kurasa hizo zaidi ya kutoka katika huzuni ya dada yangu. Sikukupigia simu, kwa kuwa nasaha ya jambo zito yataka kusomwa polepole, iwekwe, na itwaliwe tena siku ambayo moyo umetulia.

Sitakuambia kwamba wewe ni hodari kuliko wenzako. Sifa za namna hiyo, hata zikitolewa kwa mapenzi, hazidumu, maana mtu mwenye wahaka huzipokea asubuhi akazikana jioni, akijua kwamba aliyezitoa ni jamaa yake na kwamba jamaa hana hiari ila kumsifu. Wala sitakuambia uifukuze shaka. Miaka yote niliyofundisha Kiswahili katika shule za upande huu wa Thika na Ruiru niliona kwamba mwanafunzi aliyekuwa mgumu kumfundisha kupita wote ni yule asiye na shaka hata chembe, kwa sababu kila aliloandika alilihesabu kuwa limekwisha, na kila sahihisho alilihesabu kuwa uadui. Ninaloliamini, na ndilo lililonifanya nishike kalamu, ni kwamba shaka ni mali ya msomi, ila yako umeiweka mahali pasipo pake. Umeielekeza katika nafsi yako, ambako haiwezi kuthibitisha wala kukanusha neno lolote, na umezinyima sentensi zako, ambazo ndizo zenye haja nayo.

Ili usidhani nasema kwa kukisia, chukua ukurasa ule wenye habari ya masimulizi ya mizani. Umeandika: "Huenda ikasemekana kwamba, kwa kiasi fulani, masimulizi haya pengine yana dhima ya kuwafunza wachumaji wote wa kahawa wa Ruiru namna ya kukabiliana na mnyapara." Tazama maneno yaliyosimama mlangoni mwa sentensi hiyo: huenda, ikasemekana, kwa kiasi fulani, pengine. Manne yote hayamwelezi msomaji jambo lolote juu ya wachumaji. Yanamweleza kwamba mwandishi anaogopa. Isemekane na nani? Si wewe uliyekaa kwenye magunia pamoja na akina mama wale, ukawasikiliza wakisimulia jinsi debe lililojaa sawasawa lilivyokataliwa mpaka liwekewe kichuguu juu, na jinsi msichana mmoja alivyolimwaga debe lake chini mbele ya watu wote akidai lipimwe upya? Sasa tazama neno moja ambalo umelipitisha bila kulihoji hata kidogo, nalo ni neno "wote". Mahojiano yako yamefanywa katika shamba moja, na wanawake, aghalabu wazee. Wachumaji wanaume hukuwahoji. Vijana wanaopanda gari alfajiri kutoka Kiandutu kuja kuchuma kwa siku moja na kurudi hukuwahoji. Mashamba mengine hukufika. Hapo ndipo mtahini atakapoweka kidole chake, tena kwa haki, na wewe, uliyekuwa na shaka tele ya kumwaga katika kila kituo, hukuwa na tone la kulitia mahali hapo palipokuwa na kiu.

Jaribu kuiandika hivi: "Masimulizi ya mizani niliyoyasikia kwa wanawake wa shamba hili huwafunza wasichana namna ya kudai debe lao kabla mnyapara hajaliandika." Sentensi hii inadai machache kuliko ile ya kwanza, lakini inachokidai inakidai waziwazi, na mtu akitaka kuiangusha hana budi aje na ushahidi kutoka shamba hilohilo. Sijaongeza ujasiri wowote wa moyo ndani yake. Nimehamisha shaka tu, nikaitoa katika "mimi ni nani hata niseme" nikaipeleka katika "nimesikia nini, kwa nani, na nina haki ya kusema mpaka wapi". Naamini kazi yako yote iliyobaki ni uhamisho wa namna hiyo, ukurasa kwa ukurasa.

Wasema huna haki ya kuketi pale. Basi lifikiri jina lililoandikwa kwenye lango la chuo chako. Mahali pale palikuwa kambi ya askari iliyoitwa Templer, ikakabidhiwa serikali yetu mwaka 1965 ili iwe chuo, na mwaka 1985 chuo kikawa chuo kikuu kamili. Nacho kimepewa jina la mtu ambaye, alipoingia katika darasa la wanazuoni wa juu, hakuwa na shahada ya kwanza. Jomo Kenyatta alizaliwa Ng'enda huko Gatundu, mwendo usio mrefu kutoka hapa nilipoketi. Alisoma katika misheni ya Waskoti ya Thogoto. Katika miaka ya 1920 alikuwa mtumishi wa idara ya maji ya mji wa Nairobi, akizunguka kusoma mita. Mwaka 1928 akawa mhariri wa gazeti la Mũigwithania, na mwaka uliofuata Kikuyu Central Association ikamtuma London kwenda kunena habari ya ardhi. Alirejea Uingereza mwaka 1931, asiione nchi yake tena mpaka 1946. Katikati ya miaka hiyo, akiwa mtu mzima aliyekwisha kuoa na kuzaa, aliingia katika semina ya Bronisław Malinowski katika London School of Economics, akisomea anthropolojia, yaani elimu ya jamii za wanadamu, pamoja na watu waliopitia vyuo vikubwa vya Ulaya.

Lililo muhimu kwako ni jinsi kazi yenyewe ilivyofanywa. Kitabu chake, Facing Mount Kenya, kilichotoka mwaka 1938 na kuandikiwa utangulizi na Malinowski mwenyewe, hakikuandikwa na mtu aliyejifungia chumbani akingoja ajione anatosha. Kilitokana na makala zilizoandikwa kwa ajili ya semina ile, makala moja juu ya jambo moja, zikisomwa mbele ya wenzake na mwalimu wake ambao kazi yao ilikuwa kuuliza na kupinga. Na mswada ulipokusanywa, rafiki yake Mwingereza, Dinah Stock, alimsaidia kuutengeneza. Yaani kitabu ambacho sasa kimo katika maktaba za dunia kilipita katika masikio na mikono ya watu wengine kikiwa bado kibichi, na mwenyewe hakuhesabu jambo hilo kuwa aibu. Wewe, kwa mujibu wa mamako, hujampelekea msimamizi wako hata ukurasa mmoja tangu Aprili, ukisema kwamba huwezi kumwonyesha kitu kisichokamilika. Mwanangu, msimamizi amewekwa kwa ajili ya visivyokamilika. Kikamilikapo hana kazi nacho ila kutia sahihi.

Tena nakusihi uisome dibaji ya kitabu kile, hata kama mengine yote utayaacha. Humo mwandishi, kabla hajasema neno juu ya Wagĩkũyũ, alieleza ni wapi alikoyapata maarifa yake: alivyolelewa katika jamii ile, alivyopitia jando na kuwa mtu wa rika lake, mambo aliyoyaona kwa macho na aliyoyatenda kwa mikono. Hakusema kwamba yeye ni mwerevu. Alitaja mahali aliposimama, akamwachia msomaji apime mwenyewe kama mahali hapo pafaa kutazamia.

Wewe pia una maelezo ya namna hiyo, nawe hukuyaandika. Katika kurasa zako zote sikuona mahali ulipomwambia msomaji kwamba mamako alichuma kahawa katika mashamba ya Ruiru tangu kabla hujazaliwa, kwamba ulipokuwa mdogo ulikwenda naye wakati wa likizo ukaokota zilizoanguka chini ya miti, na kwamba masimulizi unayoyachunguza uliyasikia kwanza ukiwa umebebwa mgongoni. Nadhani uliyaacha makusudi, ukidhani kwamba mambo ya nyumbani si elimu, na kwamba elimu ni yale yaliyochapishwa na watu wa mbali. Hilo ni kosa la taaluma kabla halijawa kosa la moyo. Katika uchunguzi wa fasihi simulizi, uhusiano wa mtafiti na wasimulizi wake ni jambo ambalo msomaji ana haki ya kulijua, kwa sababu linaeleza kwa nini wanawake wale walikufungulia vinywa, na vilevile linamwonya kwamba huenda ukawapenda kupita kiasi hata ukashindwa kuwasikia walipokosea. Liandike katika sura ya kwanza, kwa aya moja safi, kisha uendelee.

Na huyo mwalimu, Malinowski, ambaye wanafunzi walitetemeka mbele yake, unadhani yeye hakuwa na shaka? Alikuwa Mpolandi, akaandika vitabu vyake vikubwa kwa Kiingereza, lugha ambayo hakuzaliwa nayo, na kitabu chake cha mwaka 1922 juu ya visiwa vya Trobriand kilimtia katika safu ya mbele ya wanazuoni wa fani yake. Alifariki mwaka 1942. Miaka ishirini na mitano baadaye, mwaka 1967, zilichapishwa shajara alizojiandikia kwa Kipolandi alipokuwa utafitini, na watu wakashangaa: mtu yule alijilaumu kwa uvivu, alikimbilia kusoma riwaya wakati wa kazi, aliugua, alikasirika, alitamani kuondoka, akawanenea vibaya wenyeji waliokuwa wakimfundisha. Baadhi ya mambo yaliyomo ni mabaya, wala siyatetei. Nayataja ili ujue kwamba ule uso mtulivu unaouona kwenye jalada la kitabu ni uso wa mwisho, na kwamba wewe unaulinganisha na uso wako wa asubuhi. Mlinganisho huo hauna insafu. Wenzako wa semina, wale unaowadhania kuwa hawana wasiwasi, huwaoni usiku.

Lakini sitaki uondoke na dhana kwamba mtu akishaiondoa shaka kabisa ndipo huandika vizuri, kwa maana kitabu cha Kenyatta chenyewe kinatufundisha kinyume. Nimekisoma zaidi ya mara moja katika maisha yangu, na ninakiheshimu, hasa sura yake ya ardhi. Lakini anapofika kwenye tohara ya wanawake huandika kama wakili aliyeajiriwa kutetea, wala si kama mtu anayechunguza, na msichana mwenyewe hasikiki. Katika kitabu chote jamii ya zamani imetulia mno, kana kwamba hapakuwa na mnyonge ndani yake. Ninaelewa sababu: aliandika wakati ambapo watu wake walikuwa wakidharauliwa na kunyang'anywa, na mtu anayeshtakiwa hana wasaa wa kujishuku. Hata hivyo naona kwamba hapo shaka kidogo, iliyoelekezwa kwa madai yake, ingalikiongezea kitabu nguvu. Basi shaka yako usiitupe. Utaihitaji utakapofika kwenye masimulizi yanayowasifu akina mama wachumaji, wakiwemo wa ukoo wako, na hakuna atakayekulazimisha kuyahoji ila wewe.

Nije kwenye hofu yako ya pili, ile uliyomwambia mamako kwamba kila jambo limekwisha kuandikwa na kwamba kila ukifungua kitabu unakuta mtu amekutangulia. Katika masomo yale ya Malinowski alikuwapo pia Elspeth Huxley, ambaye wazazi wake walikuwa walowezi waliolima kahawa hapa Thika, naye baadaye, mwaka 1959, akaandika kumbukumbu za utoto wake, The Flame Trees of Thika. Fikiri jambo hili: mtoto wa mlowezi wa Thika na mtoto wa Gatundu, mmoja akijua shamba kwa upande wa veranda na mwingine akiijua ardhi kwa upande wa walioipoteza, wanafundishwa na mwalimu mmoja katika mji wa London. Kenyatta alitoa kitabu chake mwaka 1938. Huxley akatoa riwaya yake ya maisha ya Wagĩkũyũ, Red Strangers, mwaka 1939. Na katika miaka hiyohiyo, kuanzia 1937, Louis Leakey, mwana wa wamisionari aliyezaliwa Kabete mwaka 1903 na kukua akisema Kikuyu kama watoto wenzake, alikuwa akiwakusanya wazee na kuandika kila walilokumbuka juu ya maisha yao ya kale. Watu watatu, kabila moja, muda usiozidi miaka mitatu. Hakuna aliyemfutia mwenziwe nafasi. Anayetaka kuijua nchi hii leo hana budi kuwasoma wote watatu, na bado atabaki na maswali, maana hakuna kati yao aliyekuwa mwanamke mchumaji wa kahawa mwenye debe lililokataliwa.

Habari ya Leakey ina funzo jingine, nalo ndilo ninalolihofia kwako zaidi. Kwa elimu aliwapita wenzake wote wawili. Kazi yake ilikuwa na tafsili ambayo wao hawakuikaribia. Ilipokamilika ilikuwa ndefu kupita kiasi, naye alipotakiwa aipunguze hakukubali. Mswada ukakaa. Vita vikaja vikapita, uhuru ukaja, mwenyewe akafariki mwaka 1972, na kitabu chake juu ya Wagĩkũyũ wa kusini kabla ya 1903 kikatoka mwaka 1977, juzuu tatu zenye kurasa zaidi ya 1,300, takriban miaka arobaini baada ya kuandikwa. Ni hazina, wala sipungui katika kuishukuru. Lakini wengi wa wazee waliomsimulia hawakuwahi kuiona, na mjadala ambao ungaliitumia ulikwisha pita. Wewe tasnifu yako ni ya uzamili. Haikutakiwa iwe neno la mwisho juu ya wachumaji wa kahawa wa Kenya. Imetakiwa iwe neno moja lenye ithibati, likamilike katika muda uliowekwa, ili mwingine apate kulijenga au kulipinga. Naona umeahidi katika utangulizi kushughulikia nyimbo, masimulizi, methali na vitendawili, katika mashamba ya Ruiru, Juja na Thika. Bakiza masimulizi. Bakiza shamba moja. Vingine viondoe leo bila kuvililia.

Kuna watakaokufariji kwa kukutajia Ngũgĩ wa Thiong'o, ambaye alikwenda Leeds mwaka 1964 kufanya uzamili juu ya fasihi ya Karibi asiimalize tasnifu. Ni kweli. Lakini alipoiacha alikuwa na riwaya ya A Grain of Wheat juu ya meza yake, iliyotoka mwaka 1967. Aliyeacha kazi kwa sababu ya kazi kubwa zaidi si sawa na anayeiacha kwa sababu ya hofu, na nadhani wewe mwenyewe wajua uko upande gani.

Ukitaka kuona jinsi shaka inavyotumiwa na watu wanaoijua kazi yao, huna haja ya kwenda London wala Leeds. Hapa Ruiru kipo kituo cha utafiti wa kahawa, ambacho mamako amepita mbele ya lango lake mara nyingi kuliko anavyoweza kukumbuka. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 watafiti wa pale walikuwa wakitafuta mbuni utakaostahimili chulebuni, ugonjwa ule unaoozesha tunda likiwa bado kijani na kumwacha mkulima na matawi matupu, pamoja na kutu ya majani. Walichavusha maua kwa mkono, wakakutanisha mbegu za huku na za mbali, na miche ilipochipua, ikiwa bado michanga, waliipaka vimelea vya ugonjwa kwa makusudi, wakangoja waone ipi itakufa. Mingi ilikufa. Iliyobaki wakaikutanisha tena, wakaipima tena, kwa mavuno, kwa ugonjwa, na kwa ladha ya kikombe, mpaka mwaka 1985 ndipo wakawapa wakulima mbegu iitwayo Ruiru 11. Zaidi ya miaka kumi ya kuutilia shaka kila mche! Na mche ulipokufa, hakuna mtafiti aliyesema kwamba yeye hakustahili kuvaa koti jeupe. Aliandika kwenye daftari kwamba mche fulani umekufa, siku fulani, kwa sababu fulani, akaenda kwa ule unaofuata. Hivyo ndivyo ninavyotaka uzitendee hoja zako. Zipake ugonjwa wewe mwenyewe kabla mtahini hajazipaka: uliza ni nani aliyesema jambo hili, kama yupo aliyesema kinyume, kama ungalisikia hivyohivyo endapo mnyapara asingekuwa amesimama karibu. Itakayokufa iache ife. Ya kwako ni kuandika kwa nini imekufa, na mara nyingi aya hiyo ndiyo huwa bora kuliko zote.

Katika mambo ya utendaji sitakuchosha. Iache sura ya pili kwa sasa, kwa kuwa ndiyo inayokuweka mbele ya majina makubwa na kukunyong'onyeza; anza na sura ya nne, mahali ambapo sauti ni za watu uliowasikia mwenyewe, na hapo hapana awezaye kukutangulia kwa kuwa hapana mwingine aliyekuwapo. Ukishajua umeona nini, utarudi kwenye sura ya pili ukijua ni lipi unalolitafuta kwa wataalamu, nao watakuwa washirika wa mazungumzo badala ya kuwa mahakimu. Utangulizi uandike mwisho. Kila mahojiano uyaandikie mahali, siku na ridhaa ya msimulizi, na kama hakutaka jina lake litajwe, lisitajwe. Soma kwa sauti kila ulichoandika. Sikio hukamata woga upesi kuliko jicho. Na usikae peke yako mno: mwenzako mmoja wa darasa, ambaye mtabadilishana naye kurasa kila juma, atakufaa kuliko saa nyingi za kujilaumu mbele ya kompyuta.

Jambo la haraka ni moja. Umepita mwenyewe barabarani ukaona jinsi mikahawa inavyong'olewa na mashamba kukatwa ploti. Palipokuwa na safu za miti sasa pana mawe ya mipaka na matangazo ya viwanja vinavyouzwa, na wachumaji wamehamia vibarua vya mijengo au wamerudi kwao. Wasimulizi wako wawili, mamako ameniambia, wamekwisha ondoka shambani. Ukiahirisha mwaka mmoja chuo kitakungojea, ndiyo sheria yake, lakini wale hawatakungojea, na shamba lenyewe sina yakini nalo. Mwezi ujao mavuno makubwa yanaanza, nayo hupungua ifikapo Desemba. Nenda wakati wa mizani, jioni, usimame mahali unapoweza kusikia bila kuwa njiani.

Jumamosi ijayo nitakuwa nyumbani kutwa. Panda gari mpaka Ruiru, kisha lile la kuja huku, uje na sura ya nne jinsi ilivyo, hata kama ni vipande vya karatasi. Nimemwomba mamako naye aje, kwa sababu katika kurasa zako umeandika kwamba mtindo wa kudai kichuguu juu ya debe ulikoma pale shamba lilipobadilisha wenyewe, naye aliponisikia nikilisoma hilo kwa sauti alitikisa kichwa akasema haikuwa hivyo, uliendelea baada ya hapo, na alinitajia hata mti waliokuwa wakipimia chini yake. Huenda yeye ndiye aliyekosea, huenda ni yule msimulizi wako. Leta kinasa sauti, umhoji kama unavyomhoji mtu mwingine yeyote, na maneno yote mawili yaandikwe katika sura hiyo, kila moja na mwenyewe.

Ni mimi mjomba wako akupendaye,
Mugutha